Albamu ya Mashine ya Barafu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa wembe. Ilikuwa katika idara ya ufundi ya redio, hapa Kampala. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mtoto wa sajini wa polisi kutoka Gulu, niliyezaliwa na kukulia kambini. Kiswahili ndicho kilichonipatia kazi ile. Wakati huo watu wengi wa mji hawakukipenda, walisema ni lugha ya askari na bunduki. Kwetu kambini kilikuwa lugha ya kuombana chumvi na kugombana kwenye bomba la maji, kwa kuwa kila nyumba ilitoka kabila lake. Redio ilitaka mtu wa kutayarisha vipindi vya Kiswahili, ikanichukua.

Wembe ulikuwa wa kukatia utepe. Ninyi vijana mnakata sauti kwenye kompyuta, na mkikosea mnarudi nyuma. Zamani sauti ilikaa kwenye utepe mwembamba wa rangi ya kahawia, umezungushwa kwenye gurudumu. Ukitaka kuondoa kikohozi cha msemaji, unalizungusha gurudumu taratibu kwa mkono mpaka ukisikie, unatia alama kwa penseli, unakata kabla na baada yake, kisha unaunganisha ncha mbili kwa gundi ya karatasi. Kikohozi kinabaki mezani, kirefu kama kidole.

Mhandisi Mkuu, mtu mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi, alinipa tangazo la afya lisemalo, "Msinywe maji yasiyochemshwa." Mtangazaji alikuwa amejikwaa kwenye neno la kwanza, akalirudia nusu. Nikakata penye kujikwaa, nikaunganisha vizuri, nikampelekea kwa fahari. Akaweka utepe kwenye mashine. Sauti ikasema kwa upole, "Mnywe maji yasiyochemshwa."

Mhandisi Mkuu akavua miwani. "Binti," akasema, "leo ungeua kambi nzima kwa wembe mmoja."

Tukapiga magoti wote wawili kuitafuta ile "si" sakafuni. Tuliikuta imenasa chini ya kiatu changu. Aliiunganisha mwenyewe, bila kugomba, kisha akaniambia jambo ambalo nililishika miaka yote ya kazi. "Ukikata, sikiliza. Ukiunganisha, sikiliza tena. Usipitishe kitu ambacho masikio yako hayajakipitia."

Baada ya miaka minne nilihamishiwa kwenye gari la matangazo ya nje. Tulizunguka mji tukirekodi kwaya za makanisa, gwaride, mechi za mpira na sherehe za Kabaka kule Mengo. Msimamizi wa Gari alikuwa kapteni mstaafu, na tulimwita Afande ingawa alikuwa ameshavua magwanda. Yeye ndiye aliyenifundisha kuweka maikrofoni. Aliziba sikio moja kwa kidole, akatembea ukumbini polepole kama mtu aliyepoteza funguo, na mahali ambapo sauti ilimpendeza ndipo alipotaka maikrofoni isimame. Siku moja kiongozi wa kwaya alitaka kumnyamazisha mama mmoja mwenye sauti kubwa iliyowafunika wenzake. Afande akamkataza. "Mwache mama aimbe. Kazi ya kuhama ni ya maikrofoni." Tukaihamisha hatua sita, na kwaya nzima ikakaa sawa.

Nilifanya kazi redioni mpaka utepe ulipokwisha na kompyuta zikaingia. Kisha nikaenda kwenye studio ya mtu binafsi kule Mengo, ghorofa ya juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenyewe tulimwita Mkurugenzi. Alikuwa Muganda mchangamfu, aliyejua kila mchungaji na kila mshereheshaji wa harusi mjini. Tulirekodi nyimbo za injili, matangazo ya sabuni na nyimbo za kucheza. Mimi nilikuwa fundi sauti, maana yake ninarekodi, kisha ninasawazisha. Kusawazisha ni kuchukua sauti zote zilizorekodiwa mbalimbali, ngoma, gita, waimbaji, na kuamua ipi iwe mbele na ipi iwe nyuma, ipi iwe nzito na ipi iwe kali. Ni kama kupika. Vyakula vinaweza kuwa vizuri kimoja kimoja, na mchuzi ukakushinda.

Hapo ndipo alipokuja Furaha.

Furaha alikuwa mwanamke Mkongo kutoka Bukavu, mkimbizi, fundi cherehani pale Ggaba, kando ya ziwa. Alikuwa na miaka kama thelathini. Alipanda ngazi zetu asubuhi moja akiwa na gita la umeme ndani ya mfuko alioushona mwenyewe kwa kitambaa cha mapazia. Nyuma yake walikuja wanaume wawili. Mmoja alikuwa Odong, mpiga ngoma, mstaafu wa bendi ya askari wa magereza anayekaa Luzira. Wa pili alikuwa Ssalongo, kama Waganda wanavyomwita baba wa mapacha, mwalimu wa fizikia aliyepiga gita la besi.

"Tunapiga rock," Furaha alimwambia Mkurugenzi.

"Rock ya Wazungu?"

"Hapana. Ya mashine ya barafu."

Mkurugenzi akaniangalia. Mimi nikamwangalia Furaha, naye akaeleza bila haya. Alipofika Kampala chumba alichopata kilipakana na kibanda cha kusagia barafu kule mwaloni Ggaba, ambako samaki hupakiwa kwenye masanduku. Mashine ilianza kunguruma alfajiri na haikunyamaza mpaka saa nne. Mwaka wa kwanza aliichukia kuliko kitu chochote. Ilimkumbusha malori ya siku alizokimbia. Hakuwa na uwezo wa kuhama.

"Nikachoka kuichukia," alisema. "Nikachukua gita, nikakaza nyuzi mpaka zikalia kama yenyewe. Kutoka siku ile ikawa ni kama tuko wawili nyumbani."

Alichomeka gita, akapiga. Nyuzi zote sita zilikuwa kwenye noti moja, nyingine juu, nyingine chini, na noti yenyewe haikuwa ya kinanda chochote. Ilikaa katikati, pasipo na kibonyezo.

"Nnyabo, hiyo gita iko nje ya noti," Mkurugenzi akamwambia, akimwita bibi kwa Kiganda.

Ssalongo akajibu kwa utaratibu wa darasani kwamba mota ya mashine huzunguka kwa mwendo wake, na mwendo huo ndio unaotoa noti. Wao walikuwa wameifuata mota. "Kinanda ndicho kiko nje, ssebo," akamalizia, yaani bwana.

Mkurugenzi alicheka sana. Kucheka huko ndiko kulikowapatia studio, kwa asubuhi zile ambazo haikuwa na wateja. Akanikabidhi kazi akisema, "Mama Aciro, hawa ni wako. Mimi masikio yangu ni ya harusi."

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema wakati ule. Masikio yangu mwenyewe yalikuwa yameanza kuniacha. Nilijua kwa mambo madogo. Simu ililia ndani ya mkoba wangu na watu wakanigeuzia macho. Mjukuu wangu aliniuliza kwa nini nyenje wa bustanini wanapiga kelele hivi, nikamuuliza nyenje gani. Nilikwenda kwa daktari wa masikio kwa siri. Alinivika visikizio, akanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Nikakaa. Nikangoja. Mwishowe nikamwambia kwa upole, fundi kwa fundi, kwamba mashine yake imeharibika.

"Mama," akasema, "imeshalia mara tisa."

Alinieleza kwamba sauti nzito nazisikia kama kawaida, lakini zile za juu, za matoazi, za ndege, za herufi "s" mwishoni mwa neno, zimekwenda na hazirudi. Nilikunja karatasi ya majibu aliyonipa mpaka ikawa ndogo, nikaiweka ndani ya Biblia, na Jumatatu nikarudi kazini. Ningemwambia nani? Mpishi asiyeonja chumvi anaacha jiko. Nilikuwa mjane, na kazi ile ndiyo iliyonifanya niamke na kuvaa vizuri.

Basi tulirekodi. Katika miaka yangu yote sikuwahi kufanya kazi nzuri kama ile. Furaha hakutaka mashine iigizwe studioni, kwa hiyo tulikwenda Ggaba wenyewe. Nilivika maikrofoni soksi, juu yake mfuko wa plastiki, kwa sababu maji ya samaki yalikuwa yakirukaruka kila mahali. Mwendesha mashine, mzee Kato, mwenye buti za mpira na kofia ya sufu, alisimama akitutazama. Nilimwomba aiwashe kidogo bila barafu ili nipime sauti.

"Haizunguki bure," akasema. "Inajiumiza."

Tukangoja magari ya samaki. Yalipofika, vipande vikubwa vya barafu vikaingia, na mashine ikaanza kutafuna. Nikaziba sikio moja kama Afande, nikatembea, nikapata mahali pembeni ya ukuta wa bati ambapo ngurumo ilikuwa na tumbo. Wachuuzi waliacha kupatana bei, wakatuzunguka.

"Mnapiga picha ya barafu?" mama mmoja aliuliza.

"Sauti yake, mama," Furaha akajibu.

"Mtaila?"

Furaha alicheka mpaka akakaa chini.

Nyuma ya kibanda kulikuwa na chumba cha baridi cha zamani, kitupu, kuta za bati ndani na nje. Tulimweka Odong humo na ngoma zake. Alianza na mwendo wa gwaride aliokuwa akipiga magereza, mzito na wa polepole, na kila pigo lilizunguka chumba na kumrudia kabla hajapiga jingine. Ssalongo akaingia na besi. Furaha akaingia juu yao na nyuzi zake sita zenye noti moja. Huko nje mashine ilikuwa ikiendelea, na wote wanne, maana naihesabu, wakawa wanapumua pamoja. Nilikuwa nimekaa kwenye sanduku la samaki, visikizio kichwani, na nikajikuta nimeshika mdomo kwa mkono. Hapakuwa na neno katika wimbo ule kwa dakika sita. Kisha Furaha akataja majina ya mitaa ya kwao, mmoja baada ya mwingine, bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma orodha ya mahudhurio.

Tuliporudi Mengo nikasawazisha nyimbo zote nane peke yangu. Nilisema nataka utulivu. Kweli yake ni kwamba sikutaka mtu aone ninavyofanya. Matoazi yalinijia hafifu, kwa hiyo niliyapandisha. Sauti ya Furaha ilionekana kuwa na ukungu, nikaiongezea ukali. Nilipoona pamekaa sawa, nikawapa nakala.

Siku ya tatu walikuja wote, wakakaa kwenye kochi la studio. Odong alitazama viatu vyake. Alikuwa mtu wa kwetu kaskazini, aliniita dada, na hakutaka kuwa wa kwanza kusema.

"Mama Fundi," Furaha akasema, "matoazi yanachoma."

"Mmesikilizia wapi?"

"Kwa gari ya Ssalongo."

"Spika za gari ni mbovu. Msihukumu kazi kwa spika za gari."

Nilisema kwa ukali, nami si mtu wa ukali. Furaha akaomba tusikilize pamoja hapo studioni. Nikaweka wimbo wa nne. Ulipofika katikati akainua kidole. "Na hii filimbi? Inaanza hapa mpaka mwisho. Umeiweka makusudi?"

Sikuwa nasikia filimbi yoyote. Niliwaangalia wanaume wawili, na kwa nyuso zao nikajua ipo.

"Ndiyo," nikasema. "Niliona inafaa."

"Basi itoe kidogo, tusikie bila yake."

Niligeukia meza ya kuchanganyia sauti. Ina vitufe vya kuteleza, kila sauti na chake. Nikashusha kimoja. Nikashusha kingine. Nilikuwa kama mtu anayetafuta mlango gizani ndani ya nyumba ya wengine, na watu wamekaa wanamwangalia. Sikumbuki nilishusha vingapi. Nakumbuka mkono wa Furaha ukiuzuia wangu.

"Mama. Huisikii?"

Nikawaambia yote: simu, nyenje, daktari, karatasi ndani ya Biblia. Nikawaambia watafute fundi mwingine, kwamba nitaongea na Mkurugenzi awapatie kijana mwenye masikio mazima, na jina langu wasiliweke popote. Nilikuwa nimepitisha kitu ambacho masikio yangu hayakukipitia, na nilikuwa nimefanya hivyo nikijua. Kwa fundi wa wakati wangu hiyo ni aibu kubwa kuliko kuiba.

Furaha aliuzima wimbo. Kisha akasema, "Ulinidanganya mara mbili. Juu ya gari na juu ya filimbi."

"Ndiyo."

"Hiyo inaniuma. Masikio hayaniumi." Akavuta kiti, akakaa kando yangu mbele ya meza. "Mimi sikukuja kwako juu ya masikio tu. Pale Ggaba ulitembea mpaka ukapata mahali. Kijana gani angetembea? Wewe sikiliza chini, mimi nitasikiliza juu."

Tulianza upya. Kila asubuhi alipomaliza kushona sare za shule alizokuwa nazo, alipanda ngazi zetu, tukakaa bega kwa bega. Yeye aliweka kiganja mezani. Sauti ya juu ikizidi, alikiinua; ikipungua, alikishusha. Mimi nilipanga ngurumo, besi, ngoma, na ule mwangwi wa chumba cha bati. Ssalongo alinionyesha kwenye kompyuta mchoro unaochora sauti kama vilima, nzito kushoto na kali kulia, ili macho yanisaidie. Tulibishana sana. Mara nyingine nilisema "iko sawa" na kiganja chake kikakataa kushuka, nikalazimika kumwamini. Sikuwa nimezoea kumwamini mtu katika kazi hiyo. Ile filimbi tuligundua inatoka kwenye waya mmoja mbovu. Tuliifuta kote, isipokuwa kwenye wimbo wa mwisho. Furaha alisema humo inaimba vizuri. Mpaka leo wimbo huo una sauti ambayo sijawahi kuisikia.

Kabla albamu haijatoka nilikwenda kwa Mkurugenzi, nikamweleza. Alikaa akizungusha kalamu.

"Nani anajua?"

"Wale watatu wa bendi."

"Na mimi wa nne," akasema. "Mama Aciro, ungeniambia mapema ningekuwekea msaidizi. Mimi nafanya kazi na watu, si masikio." Kisha akaongeza, maana alikuwa mfanyabiashara, "Lakini nyimbo za injili kuanzia leo atamalizia mwingine." Nilikubali. Iliniuma, nikakubali.

Albamu waliiita Barafu. Waliizindua Ggaba, mchana wa Jumamosi, uwanjani nyuma ya soko. Wengine waliondoka wimbo wa pili, wakisema jenereta limeharibika. Wengine walibaki. Wakongo walikuja na watoto wao, askari wastaafu wakaja kwa ajili ya Odong, wanafunzi wa Ssalongo wakaja kumcheka mwalimu, wakaishia kunyamaza. Furaha alipoanza kutaja ile mitaa ya Bukavu, sauti za watu zilianza kumjibu kutoka nyuma, mtaa kwa mtaa, na yeye akasimama kidogo awasikilize.

Mzee Kato alikuja na buti zake. Baada ya wimbo wa mashine alinisogelea, akaniinamia.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Na siku hiyo mkanda wake ulikuwa umelegea. Inasikika."

Nimepata sifa kadhaa maishani, na barua ya shukrani kutoka redioni. Hiyo ya mzee Kato ndiyo ninayoihesabu. Mtu alisikia kazi yangu akatambua mashine yake, mpaka ugonjwa wake.

Albamu haikupigwa sana redioni. Vijana wachache wanaopenda muziki wa namna hiyo bado wanaitafuta, na mara mojamoja mmoja hunijia Luzira, ninakokaa sasa na binti yangu, kuniuliza tulitumia mitambo gani. Nawajibu. Halafu nawaambia waende wakapime masikio, na wakiambiwa habari mbaya waseme siku hiyohiyo. Hawapendi kusikia hilo. Mimi pia nisingependa.

Nilistaafu miaka mitatu baada ya Barafu. Daktari alinipa vifaa vidogo vya kuvaa masikioni. Vinaleta kelele za vijiko na mifuko ya plastiki, ambazo sikuwa nimezikosa. Nikikaa peke yangu navitoa. Nakumbuka watu kwa sauti zao kuliko nyuso: Mhandisi Mkuu akitafuta "si" sakafuni, Afande akisema mwache mama aimbe. Sauti zao zote ni nzito, kwa hiyo hazijapotea.

Furaha hayupo Uganda tena. Alipata nafasi ya kuhamishiwa nchi ya mbali yenye baridi, akaenda na gita lake na cherehani yake. Odong na mimi tulimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, tukaongea habari za mizigo tu. Hunipigia simu Jumapili baada ya kanisa. Ananieleza habari za theluji na za watu anaopiga nao muziki huko. Kwa asili ana sauti nyembamba, lakini akiongea na mimi huishusha, anasema polepole kutoka kifuani. Hajawahi kuniuliza kama ninamsikia. Hushusha tu sauti, na ninamsikia neno kwa neno.